Nguzo za Mita Mbili

Mafundi wenzake walimwita Timazi, maana ukuta wake haukuwahi kupinda hata kidogo. Alipostaafu alipata kiwanja chenye udongo mweusi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Akamwita bintiye, mhandisi, amchoree msingi.

Binti alichimbisha shimo, akapima, akachora nguzo za zege za mita sita, zivuke udongo wote unaovimba na kukita kwenye mwamba.

"Mita sita?" Timazi alicheka mpaka akashika kiuno. "Tunajenga nyumba au tunachimba kisima?"

"Baba, udongo huu utaiinua nyumba."

"Weka mbili. Au unataka waseme Timazi kafundishwa kazi na mtoto wake wa kumzaa?"

Mafundi walikuwa pale pale, masikio wazi. Binti hakutaka kumvunjia baba yake heshima mbele za watu. Akafuta sita, akaandika mbili, akatia sahihi.

Msimu wa pili wa mvua, sakafu ilituna katikati. Milango ikaanza kukaza. Timazi akawa anairanda kimyakimya, halalamiki, hamwambii mtu.

Asubuhi moja mama, mke wa Timazi, aliyekuwa na pumu, alibanwa kifua akiwa chumbani peke yake. Dawa ilikuwa sebuleni. Timazi alimsikia akigonga. Alisukuma mlango kwa bega, akapiga mateke, akaita majirani. Fremu ilikuwa imepinda na kuung'ang'ania mlango. Walipouvunja kwa nyundo, mama alikuwa ameshakata roho.

Baada ya maziko, binti alimkuta baba yake uani, amekaa juu ya tofali.

"Wewe ulijua," Timazi alisema bila kumtazama.

"Nilikwambia, baba."

"Mara moja. Mtu mbishi kama mimi anaambiwa mara moja?"

Binti alipiga magoti. Alilia kwa kwikwi, akitamani aguswe japo begani. Mzee aliinuka taratibu, akaenda zake.

Binti alijishtaki mwenyewe kwa bodi ya wahandisi. Akafungiwa kazi miaka miwili. Timazi alihamia kwa mdogo wake. Kila Jumapili binti huenda kumwona. Wanajuliana hali, wanazungumzia mvua, kila mmoja akingoja mwenzake aombe msamaha. Mpaka leo hakuna aliyeuomba.