Safu ya Harufu

Haya nilisimuliwa na wifi yangu, mwonja bia, Jumapili iliyopita tukimenya viazi jikoni kwangu. Miaka kumi na minane amekaa meza ya majaji, na siku ya mashindano ya mwaka huu alikwenda na siri: mafua yalikuwa yameondoka na pua yake. Anuse kitunguu, anuse sabuni, kimya. Akisema, kiti kimekwenda. Akafunga mdomo.

Glasi saba zilipangwa kwa namba, bila majina. Zote bia ya rangi ya dhahabu, ya wapishi wa bia wadogo, yenye maua ya hopsi yanayoipa uchungu na harufu. Kulia kwake alikaa mwokaji mikate, kushoto mwalimu mstaafu. Rangi aliiona, uchungu aliusikia ulimini, ila harufu alibahatisha: machungwa, asali, machungwa tena. Ya nne ikamkosha. Uchungu wake ulikuja taratibu, ukaaga kwa adabu. Hiyo hakuweza kuisingizia harufu. Kwenye karatasi yake ya alama, safu ya harufu akaiacha wazi.

Katibu wa mashindano akazisoma karatasi za majaji watatu. "Namba nne. Harufu: hakuna. Hakuna. Hakuna."

Wifi akageuka. "Nyie nanyi hamkunusa kitu?"

Mwokaji akakuna shingo. "Dada, si umeacha wazi? Nikadhani pua yangu inanidanganya."

"Na wewe, mwalimu?"

"Mimi nachungulia kwako tangu mwaka juzi," akasema mwalimu, uso chini. "Na nimechapa watoto wangapi kwa kosa hilihili!"

Wifi akaitazama ile glasi. Jasho la mtu lilikuwa linamwagwa hivihivi.

"Sina pua, jamani. Wiki ya tatu hii. Rudieni zote."

Katibu akavua miwani. "Basi ondoka mezani, mama. Kiti tutakitafutia mtu."

Akahamia dirishani. Nyuma yake kukawaka moto wa mabishano.

"Ganda la chungwa!"

"Chungwa gani? Hizo nyasi zilizokatwa asubuhi!"

"Mwalimu, unanusa kwa masikio?"

Namba nne ikashinda. Mpishi wake, mama mmoja mnene, akajifunika uso kwa aproni, kisha akamletea wifi chupa moja.

Nyumbani mumewe akamuuliza, "Wamekufukuza?"

"Nimejifukuza. Hebu nusa, uniambie."

Mzee akanusa, akafumba macho, akafikiri sana. "Inanuka bia."

Wifi alicheka mpaka akajishika mbavu. Mzee akamaliza glasi, akasinzia kitini. Jua lilikuwa bado juu. Wifi akavua viatu, akajinyoosha kwenye kochi, naye usingizi ukampitia.