Mkoma wa Tariq

Tariq alizifukia mbegu zile ndani ya kopo la maziwa, kesho yake akarudi melini. Alikuwa amezileta kutoka Brazili, ambako meli yao ilikaa sana ikingoja shehena, na baharia mwenzake akamchukua kwenda kumwonyesha kijiji chao. Huko alikuta mikoma, miti ya jamii ya mnazi, ya namna nyingine kuliko ya kwao. Majani yake ni mapana kama vipepeo vya kupepea moto, na yana unga mweupe. Watu huyakata, wakayaanika, wakayapiga kwa fimbo mpaka unga ukadondoka, kisha wakauyeyusha ukawa nta.

"Nta ngumu hiyo," alimwambia mkewe, Zakia. "Ndiyo inayong'arisha viatu na magari. Na mti wenyewe hauna maringo. Jua unalivumilia, chumvi unaivumilia."

Alimwachia na sharti moja. Mti usitiwe ardhini pale Kismayu, kwenye nyumba ya kupanga. Wao walikuwa watu wa Fuma, kisiwa walichokikimbia wakati wa vita, na Tariq alitaka kuupanda huko kwa mkono wake, nyuma ya kisima cha mamake. "Nikirudi safari hii, inshallah."

Safari ile hakurudi. Alishuka Uholanzi akabaki huko. Mwanzo alikuwa akingoja karatasi. Karatasi zilipotoka akapata kazi ya kupanga mizigo ghalani, na baada ya kazi likaja goti la kupasuliwa. Kila mwaka ulikuwa na sababu yake, na Zakia hakuweza kusema hata moja ni ya uongo.

Katika mbegu zile iliota moja tu. Ilitoa jani jembamba kama unyasi, na Zakia akadhani ni unyasi kweli, nusura aling'oe. Yakafuata majani mengine, kila moja pana kuliko la kabla yake, mpaka siku moja likafunguka la kwanza lenye umbo la kipepeo. Akauhamisha mti kutoka kopo kwenda ndoo, na kutoka ndoo kwenda pipa la plastiki lililokatwa katikati. Akauzungushia wavu mkuukuu kwa ajili ya mbuzi. Akawakataza watoto wa mtaani kupangusa ule unga, maana Tariq alimwambia ndiyo nguo ya mti, inayozuia maji yasiutoke. Jirani zake wakauita mkoma wa Tariq.

Kila alasiri Tariq alipopiga simu ya picha, Zakia aliketi kando ya pipa.

"Nigeuzie jani nilione," Tariq alikuwa akisema.

Alikuwa akiligeuza, naye akilitazama mshipa kwa mshipa. Zakia hakujua auonee mti wivu au amwonee mume huruma.

Kisha mti ukaanza kuugua. Majani yaligeuka manjano kuanzia nchani, na jani changa la katikati likasimama limefumba, likakataa kufunguka. Zakia akazidisha maji. Maji yakapita juu na kumwagika pembeni. Jirani yake Sabah, msuka mikeka aliyejua mikoma tangu utoto, akaja akaingiza kidole ndani ya pipa, kisipate nafasi.

"Humu hamna mchanga tena, dadangu. Mna mizizi mitupu. Hata mchu wa mikokoni ukiutia humu utakufa."

"Tariq kasema tumngoje."

"Tariq leo kala. Mti huu haujala."

Zakia akampigia mumewe, akamweleza yote.

"Nipe mwaka mmoja," Tariq akasema.

"Hautafika mwaka, mume wangu."

"Ukiupanda bila mimi, mimi huko kwetu nitakuwa nimebakisha nini?"

"Umenibakisha mimi."

Simu ikakatika. Kama ni mtandao au ni mkono wake, Zakia hakupata kujua.

Alilia siku ile, akapika, akalia tena. Kulipokucha akamwita Hussein, mtoto wa dadake, mwenye mashua ya mashine iliyokuwa ikipeleka unga na mafuta visiwani. Wanaume wa mtaa wakalibeba pipa mpaka kwenye bajaji, na Sabah akapanda nalo akiyashika majani yasivunjwe na upepo. Pwani aliagana na Zakia kwa kumfunga mtandio wake kichwani, juu ya ule aliokuwa nao. "Jua la kule halina kuta za kulizuia," akasema.

Fuma aliikuta na watu wachache waliokwisha kurudi. Nyumba ya mamamkwe ilikuwa imebaki ukuta wa mawe upande mmoja, na kichaka cha mtupa kimeota sebuleni. Lakini kisima kilikuwa na maji. Zakia alichimba nyuma yake mpaka akafika kwenye mchanga wenye unyevu, akatia mbolea ya mbuzi. Pipa alilipasua kwa kisu badala ya kuvuta mti. Mizizi ilikuwa imejizungusha kama kamba iliyotiwa kapuni, na alipoishusha shimoni hakuthubutu kuinyoosha.

Alikuwa amekuja kwa siku chache tu. Mti ulidondosha jani, ukadondosha la pili. Asubuhi na jioni akauvutia maji kisimani. Hussein alipopita aliuliza, "Twende, mama mdogo?" Naye akajibu, "Bado." Safari iliyofuata akajibu hivyo hivyo, na iliyofuata Hussein hakuuliza, alimletea godoro.

Lile jani lililofumba halikufunguka. Lilikauka, akaling'oa kwa mkono mmoja. Alidhani ndio mwisho. Majuma yakapita, ndipo chini yake likachomoza jani jingine changa, limefunikwa na unga mweupe.

Zakia akapanda mwambani, mahali pekee penye mtandao, akapiga simu.

"Nimeupanda," akasema.

Tariq akauliza, "Upande gani wa kisima?"

"Wa kibla."

"Pale mama alipokuwa akianika samaki?"

"Hapo hapo."

"Ukisimama hapo unasikia mawimbi ya nje yakipiga."

"Nayasikia usiku na mchana."

Alimsikia akilia, kilio cha mtu aliyeziba mdomo ili walio chumba cha pili wasisikie. Zakia hakumnyamazisha. Alipotulia, Tariq akauliza, kwa sauti ya mtu anayepanga kazi, "Ule ukuta uliobaki, mawe yake yangali mazima?"

"Mazima. Chokaa ndiyo haipo."

"Chokaa huchomwa."

"Huchomwa," Zakia akasema, "na mimi sijui kuchoma."

Hakumwambia njoo. Alikwisha kumwambia mara nyingi. Alikaa juu ya mwamba, simu sikioni, akisikiliza anavyovuta pumzi huko aliko, na yeye hakukata, wala mumewe hakukata, mpaka salio likaisha.