Kanzu za Walio Chini ya Madhabahu

Alhamisi saa sita mchana, katika kanisa moja la mabati pale mtaani Bwiza, Dative alikuwa akitoa tafakari juu ya Ufunuo. Zamu ilikuwa yake mwezi ule, na watu walimpenda kwa sababu hakupayuka na alimaliza kabla ugali haujapoa majumbani. Alipofika kwenye muhuri wa tano, pale wanapotajwa waliochinjwa wakilia chini ya madhabahu, sauti zikaanza kutoka chini ya madhabahu. "Mpaka lini?" zikauliza. Akina mama wa benchi la mbele wakasogeza miguu, kama mtu anayempisha mwenzake afagie, na Dative akasoma mstari uliofuata.

Kwani angefanya nini? Tangu vita vianze, Bwiza ilikuwa imesikia makubwa kuliko hayo.

Jumapili sauti ziliongezeka, na kati yake Dative akaitambua ya mume wake. Libère alitoka kwenda kutafuta makaa asubuhi moja ya ville morte, siku vijana walipofunga barabara kwa matairi ili mji ulale kama maiti. Hakurudi. Dative hakuwa na kaburi la kupalilia, na jambo hilo ndilo lililokuwa likimla moyo: alitaka kujua wamemlaza wapi. Akapiga magoti, akainua kitambaa cha madhabahu. Chini palikuwa na sementi tu.

"Baba Bella," akaita, "walikuweka wapi?"

"Uliza mwenye anajua," Libère akajibu, kwa ile sauti yake ya mtu aliyekatizwa chakula. "Huyo iko humu ndani. Inaimba muzuri."

Kamati ya ibada ikaketi. Hakuna aliyebisha kwamba marehemu wapo. Malalamiko yalikuwa kwamba wanaingilia nyimbo za sifa na hawafuati ufunguo wa kinanda. Mzee mmoja, labda kwa usingizi, akasema basi watafutwe waliowaua, waulizwe. Watu wakatazama viatu vyao.

"Apana, bandugu," pasta akasema kwa upole. "Neno halisemi vile. Linasema wapewe kanzu nyeupe, waambiwe wangoje kidogo. Sisi ni nani tuongeze?"

Wakaitika amina, wengine haraka kuliko kawaida yao.

Enzi zile za embargo, nchi ilipowekewa vikwazo, petroli ya kumfikisha mzazi hospitalini haikuonekana kabisa. Ya jenereta ya kanisa ikapatikana, pamoja na spika kubwa ya kuazima. Kazi ya kanzu akapewa Shemasi Maxime, fundi cherehani, mwimbaji wa sauti ya teno, mtu mpole ambaye tangu Libère apotee alikuwa akimletea Dative unga, na Dative akimshukuru. Kila aliyetambua sauti ya mtu wake alipeleka shati la kupimia. Dative alipeleka lile la harusi, la mikono mirefu.

Siku ya kanzu, wajane walipokea zao mbele ya madhabahu, wakazisukuma chini ya kitambaa, na humo ndani mikono ikazivuta. Dative akaikunjua ya kwake. Ilikuwa na mkono mmoja. Upande wa kushoto tundu lilikuwa limezibwa, tena kwa mshono safi.

"Shemasi, mukono ingine iko wapi?"

"Hataihitaji, Mama Bella," Maxime akasema, kama fundi anavyomweleza mteja. "Na kitambaa kilikuwa kidogo."

Kipaza sauti kilikuwa wazi, kwa hiyo walisikia hadi waliokaa nje.

"Libère alitoka kwangu na mikono yake yote mbili," Dative akasema. Akashika ukingo wa madhabahu. "Mulimuweka wapi? Siombi kingine. Unionyeshe tu, nimuzike."

Maxime akafungua mdomo. Pasta akatazama saa, akamkonyeza mpiga kinanda, na kwaya ikasimama. Maxime naye akaenda mahali pake katikati ya wenzake wa teno. Wimbo ulikuwa wa kurudi kwa Bwana, na aliuimba vizuri.

Dative akaisukuma kanzu chini ya kitambaa. Mkono mmoja ukaipokea.

"Imenienea," Libère akasema.

Alhamisi iliyofuata kamati ilimpumzisha Mama Bella, maana alionekana kuchoka, na zamu ya tafakari akapewa Shemasi Maxime. Alikuja na suti iliyopigwa pasi. Sauti zilipouliza mpaka lini, akina mama wa benchi la mbele wakasogeza miguu. Dative hakusogeza yake. Aliuliza pamoja na marehemu, kwa sauti ileile, akimtazama Maxime usoni.

Maxime akangoja kwa adabu mpaka wakamaliza, kisha akawaomba wote wafungue kwenye muhuri wa sita, pale wenye nguvu wanapoiomba milima iwafiche.