Kidirisha Chenye Namba 28

Basile alitandaza kitenge juu ya kreti pale bandarini, akaweka vidirisha viwili vya kuchungulia alivyovitoa Kigoma. Alijua nina lenzi mpya, pana, inayomeza watu wengi, wakati kioo cha kamera yenyewe kinaonyesha wachache tu. Kidirisha unakichomeka juu ya kamera, ndimo unamotazama kabla ya kupiga.

"Papa Cyrille, lenzi yako iko na namba gani?"

"Thelathini na tano."

"Basi kamata hiki cha thelathini na tano. Namba ifanane na namba."

Hicho kilikuwa kidogo, cheusi, kimekwaruzika. Cha ishirini na nane kiling'aa. Nilipochungulia humo niliona kreni, mabehewa, hata wauza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, waliokaa pembeni kabisa. Miaka kumi na tano ya kupiga picha Kalemie, halafu Basile muuza ndoo anifundishe kazi! Nilichukua cha kung'aa. Kichwa kigumu ni ugonjwa wangu wa zamani.

Jumamosi iliyofuata nilipiga ndoa ya Marthe na Siméon, mbele ya kanisa. Siméon alivaa suti mpya ya abakosi, imenyooshwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Mama Odile, mama yake Marthe, alikuwa amekuja kwa boti kutoka Moba. Kwao mama mkwe hakaribiani na mkwe wake, kwa hiyo alishika mwisho kabisa wa mstari, mbali naye, uso ameugeuza kidogo.

"Niko naingia mu picha, Papa?"

"Unaingia, Mama. Bakia palepale."

Ndani ya kidirisha nilimwona mzima, mpaka viatu.

Picha ilipotoka, mahali pake palikuwa na kipande cha mkono wa blauzi. Nilielewa mara moja: kidirisha kilinionyesha watu ambao lenzi haikuwafikia. Kabla Marthe hajaja kuichukua nilikuwa na siku mbili za kutafuta namna ya kusema ukweli. Nikazitumia kutafuta uongo.

"Mama yangu eko wapi?" Marthe aliuliza.

"Alisogea. Unajua haya ya wakwe."

"Hata siku yangu ile moja alishindwa kuvumilia?"

Nilikohoa, nikamtilia picha kwenye bahasha. Mpaka leo naona aibu kuliandika jambo hili.

Miezi minane ilipita. Asubuhi moja Mama Odile aliingia studio yangu, ametoka botini moja kwa moja, mfuko wa maharagi ya Moba ungali mkononi.

"Marthe hajibu barua zangu," alisema. "Aliandika mara moja tu, ati uliona nilisogea. Mie najua sikusogea. Lakini wewe njo ulikuwa unaangalia, labda nilisahau. Niambie, Papa. Kama nilisogea, niende nimuombe mutoto wangu masamaha."

Alikuwa tayari kuomba msamaha kwa kosa langu. Nilishikwa na huzuni hata nikasahau kumpa kiti. Nilichukua kamera na kidirisha kile cha kung'aa, nikabeba na mfuko wake, nikamwambia tuende.

Nyumbani kwa Marthe, Mama Odile aliona viatu vya Siméon mlangoni. Hakuingia. Alisimama mwisho wa ua, uso ameugeuza kidogo, vilevile kama siku ya ndoa. Marthe alitoka, akamwona. Nikampa kamera.

"Tazama mu hiki kidirisha. Elekeza mulango wa ua, usimwelekeze mama. Unamuona?"

"Namuona pembeni."

"Muzima?"

"Muzima."

"Na mie nilimuona hivyo. Lenzi njo haikumuona. Nilichagua kidirisha kibaya. Mama yako hakusogea, Marthe. Nilikudanganya."

Nilingoja anitukane. Ningefurahi kutukanwa. Marthe hakuondoa jicho kwenye kidirisha.

"Miezi nane, Papa Cyrille," alisema. "Miezi nane anasimama palepale."

Akanirudishia kamera bila kunitazama, akakimbia mwisho wa ua.