Namba za Mlango wa Zizi

Mimi ni mtu wa kuharibu biashara za watu. Ndiyo kazi yangu. Mtu wa hapa mjini Bishkek akitaka kununua gari lililotumika, ananilipa niende naye nikalitazame, nimwambie kama muuzaji anasema kweli. Wauzaji wakiniona nashuka na begi langu hununa, nami, nikiri tu, nilikuwa nikiufurahia ule mnuno. Miaka kumi na moja nimewaumbua watu mbele ya wake zao na majirani zao, na usiku nikalala fofofo.

Jumamosi moja ya Juni, muuguzi mmoja aitwaye Jiparkul alinichukua twende kijiji cha Kochkor, mwendo wa saa tatu, kwa mzee aliyekuwa akiuza Honda Fit ya marehemu mwanawe. Tangazo lilisema mita inasoma kilomita elfu tisini na sita. Jiparkul alikuwa ameshaanza kuliita "gari langu", nikamwambia ajiandae kurudi mikono mitupu.

"Kaka Kengesh, hata hujaliona."

"Dada yangu, gari la umri ule na kilomita elfu tisini na sita ni kama babu wa miaka themanini mwenye meno yote. Wapo. Lakini kwanza nitamwambia afungue mdomo."

Mzee Toktonali alitupokea langoni, kofia yake nyeupe ya sufu imekaa sawasawa kichwani. Alikuwa mchunga farasi wa shamba la serikali tangu zama za ukomunisti, mkono wake ukikushika unahisi umeshikwa na mzizi. Alitulazimisha kumega mkate na kunywa maziwa ya farasi kabla ya neno lolote la gari. Majirani wawili wazee walikuwa wameitwa kuja kuombea dua safari za mnunuzi, wameketi kwenye benchi wakisubiri. Kumbe alikuwa ameshavua hata kamba ya ngozi iliyosukwa kwenye funguo, ameitia mfukoni. Kwetu farasi akiuzwa, hatamu hubaki kwa mwenyewe ili baraka isihame nyumba, na mzee hakuona kwa nini gari liwe tofauti.

"Gari hili halina siri," alisema. "Njooni niwaonyeshe cheti chake."

Cheti chenyewe kilikuwa mlango wa zizi la farasi. Ulijaa chaki juu hadi chini: tarehe, na mbele yake namba. Akatueleza bila haya yoyote. Mwanawe mkubwa, Saparbek, alikuwa dereva wa teksi njia ya Osh, inayovuka milima, akafia mlimani kwenye theluji miaka sita iliyopita. Mdogo, Ulukman, alipopata kazi ya ofisi Bishkek na kuomba anunuliwe gari, baba yake alikubali kwa sharti moja: nyumbani na kazini, na mara moja kwa mwezi kuja kuwaona baba na mama. Teksi mwiko. Mlimani mwiko kabisa. Kila alipokuja, mzee alichukua namba ya mita na kuiandika mlangoni.

"Mwanzoni macho yangu yalikuwa na ukungu," alisema, "kwa hiyo yeye ananisomea, mimi naandika. Ndiyo maana namba za juu kubwa namna ile, kama za mtoto. Halafu akanipeleka mjini nikapasuliwa macho yote mawili. Kwa posho zake za ofisini. Toka hapo nasoma mwenyewe." Akagusa namba ya chini kabisa, ya mwezi wa tatu. "Mwezi wa nne moyo ukasimama. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Daktari anasema moyo umechoka. Umechoka na nini, mtu anakaa kwenye kiti kutwa?"

Jirani mmoja alikohoa. Jiparkul alimpa pole. Mimi nilitoa pole pia, nikafungua begi.

Haikuchukua dakika tano. Mpira wa pedeli ya breki ulikuwa umelika hadi chuma, na chini yake zulia limetobolewa na kisigino. Usukani uling'aa pale mikono inaposhika, ngozi imekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Ubavu wa kiti cha dereva ulikuwa umebonyea, wa abiria ukiwa bado mzima. Kilomita elfu tisini na sita hazifanyi hivyo. Laki mbili hazifanyi hivyo. Nikaingiza kichwa ndani ya madigadi za mbele nikaona mikwaruzo ya minyororo ya theluji, ile inayofungwa magurudumuni kupandia mlima, mikwaruzo mingi, ya majira zaidi ya moja, na kioo cha mbele kilikuwa kimedonolewa na kokoto za njia ya milimani. Hayo ya mwisho sikuyasema kwanza. Huwa naweka kitu cha kumalizia.

Kilichonishangaza ni skrubu za dashibodi. Tapeli akirudisha mita nyuma, huifungua mara moja tu, anauza, basi. Hizi vichwa vyake vilikuwa vimechakaa kabisa. Zilikuwa zimefunguliwa na kufungwa mara nyingi, labda kila mwezi. Mtu mwenye akili angesimama hapo ajiulize ni nani anayerudisha mita kila mwezi kwenye gari asiloliuza. Mimi sikujiuliza. Nilishanusa damu.

Nikajifuta mikono, nikasema kwa sauti ya kufika kwenye benchi, "Mzee, wewe ni mtu wa farasi. Unawajua wale wanaomchonga meno farasi mzee ili auzwe kama kijana?"

"Nawajua. Nimewahi kumpiga mmoja."

"Basi hili limechongwa meno. Mita imerudishwa. Na mlango wako huu mtu anaweza kuuandika jioni moja kwa kipande kimoja cha chaki."

Uso wake ulibadilika. Hakupandisha sauti, alinisogelea tu hadi nikasikia harufu ya tumbaku.

"Umekula mkate wangu," alisema, "halafu unaniita mwizi uani kwangu."

"Kaka Kengesh, yatosha," Jiparkul alininong'oneza. "Tuondoke."

Ningeondoka. Hadi leo najiambia ningeondoka. Lakini wale wazee wa benchi walikuwa wakinitazama kama mbwa aliyeingia jikoni, na mimi sikuzoea kutazamwa hivyo nikiwa na haki. Nikafungua boneti nitafute ushahidi. Mafundi wetu wakibadilisha chujio la hewa huandika kilomita mahali fulani hapo karibu, na matapeli wengi husahau kufuta. Nikafyatua mfuniko wa kasha la chujio. Ndani yake, imezungushiwa nailoni na kubanwa kwa utepe, kulikuwa na kadi iliyokatwa kwenye boksi la chujio. Safu mbili za wino wa buluu, tarehe na namba, mwezi baada ya mwezi. Ya mwisho ilikuwa tarehe mbili Machi mwaka huu: 287,400.

"Haya," nikasema, na Mungu anisamehe, nilikuwa natabasamu. "Soma mwenyewe, mzee. Aliyerudisha mita alihitaji namba ya kweli ya kujua lini abadilishe oili. Akaificha hapa."

Toktonali aliipokea kadi. Hakuhitaji kuisogeza mbali wala karibu. Alisimama nayo juani, na nikaona midomo yake ikitembea juu ya kila mstari. Nilikuwa nasubiri apige kelele, wauzaji wote hupiga kelele.

"Saba yake," alisema. "Tangu shule alikuwa akiipiga kamkia chini. Mwalimu alimchapa hakuacha."

Hapo ndipo nilipoelewa, na tabasamu lilinikwama usoni nisijue nilipeleke wapi. Hakuna aliyekuwa amemdanganya mnunuzi. Huyu mzee alikuwa amesema kweli yote aliyokuwa nayo. Mita ile haikurudishwa kwa ajili ya soko, ilirudishwa kwa ajili ya mtu mmoja tu, aliyekuwa akiitazama mara moja kwa mwezi.

Akasoma tena mstari wa kwanza. "Tarehe tisa Oktoba." Akageuka akautazama mlango wa zizi, pale namba kubwa za kitoto zinapoisha na ndogo zinapoanza. "Tarehe nane ndiyo walinifungua bandeji. Tarehe tisa akanirudisha nyumbani."

Farasi mmoja alipiga kwato ndani.

"Zamani alikuwa ananisomea tu uongo," mzee aliendelea, taratibu, kama anayempangia mgeni undugu wa ukoo. "Ningejuaje, sioni. Halafu akanitafutia macho. Akafanya teksi usiku, asubuhi ofisini, hadi akayalipa. Akajua nikishaona, nitamkamata. Akayalipa hivyo hivyo." Akanigeukia. "Wewe hesabu ni kazi yako. Kutoka hapa hadi mjini ni kilomita mia mbili. Hizi alizonificha, ni kuja nyumbani mara ngapi?"

Nikapiga hesabu. Nilitamani isitoke, ikatoka. "Karibu mara elfu moja, mzee."

"Elfu moja." Akakunja kadi akaitia kifuani. "Nami nilikuwa namlaumu kwamba haji. Akija analala tu, hata chai hamalizi. Nikamwambia ofisi imemfanya mvivu. Maneno yangu ya mwisho kwake ndiyo hayo, bwana. Kwamba ni mvivu."

Akajifunika macho kwa viganja vyote viwili, akasema kwa sauti ya chini, "Angeniacha na ukungu wangu."

Jiparkul alikuwa analia waziwazi. Wale wazee wa benchi waliinuka, wakamsogelea mwenzao, wakasimama kila mmoja upande wake bila kumgusa. Mimi nilikuwa bado nimeshika ule mfuniko wa kasha. Nimeumbua matapeli wengi, na hakuna aliyewahi kunifanya nijisikie mchafu kama mzee huyu mkweli.

Baadaye alitoa ile kamba ya ngozi mfukoni. Ilimchukua muda, lakini aliifunga tena kwenye funguo kwa fundo la kufungia farasi.

"Binti yangu, nisamehe," alimwambia Jiparkul. "Umesafiri mbali. Siuzi."

"Usiniombe radhi, baba," alisema Jiparkul.

Nikarudisha mfuniko, nikafunga boneti kwa kuikandamiza polepole isitoe mlio. Nilikuwa nabeba begi langu aliponiita. Si kwa hasira. Ningependa ingekuwa hasira.

"Fundi. Jambo moja tu, halafu nenda. Wewe unalisoma gari kama mimi ninavyomsoma farasi. Niambie. Mlimani alipita? Ile njia ya kaka yake?"

Mikwaruzo ya minyororo ilikuwa ndani ya madigadi, hatua mbili kutoka tuliposimama. Kioo kilichodonolewa kilikuwa mbele yetu, jua la saa sita limekimulika. Katika miaka kumi na moja sikuwahi kusema uongo juu ya gari la mtu, hata kwa ndugu yangu wa damu. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nikijivunia.

"Hapana, mzee," nikasema. "Huyu alizunguka mjini tu. Barabara tambarare. Mlimani hakupita hata siku moja."

Alinitazama usoni kwa muda mrefu kwa macho yake yale masafi. Kisha akakitazama kioo cha mbele, akapitisha kidole juu ya shimo moja lililoachwa na kokoto, akalisugua kama anayefuta vumbi.

"Asante, mwanangu," alisema. "Mama yake akiuliza, nitamwambia hivyo hivyo."