Yaliyosemwa Chumba cha Kufulia

Asta hakupaza sauti. Aligeuza kompyuta yake ili Tilde aone mwenyewe, akaweka kidole chini ya mstari mmoja, kisha akajimiminia kahawa kutoka kwenye themosi na kumwachia nafasi asome.

Tilde hakuhitaji kusoma. Mstari ule aliuandika mwenyewe Jumapili mchana, tena aliufurahia. “Mama X ameniambia kwamba siku tano kwa juma huwaacha mabinti zake wawili, wa miaka tisa na mitano, wakiwa bado wamelala, akaenda kusafisha ofisi kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja. Nilipokuwa namsikiliza nilijiuliza mimi ni nani kwake.”

“Katika shajara zote ulizoniletea, hii ndiyo nzuri kuliko zote,” Asta alisema. “Nataka ulijue hilo kwanza.”

“Na pili?”

“Pili, huyu ni Jannie.”

“Nimeficha jina.”

“Umeficha jina, ukaacha umri wa watoto, kazi ya mama na saa anayoanza. Mama wa namna hiyo mtaani kwetu ni mmoja tu, Tilde.”

Tilde Rasborg alikuwa na miaka thelathini na sita, na kumi na mmoja kati ya hiyo aliimaliza nyuma ya mashine ya malipo ya duka la vyakula. Sasa alikuwa mwanafunzi wa ustawi wa jamii, muhula wa mafunzo kazini, katika nyumba ya familia, kituo cha kuwasaidia wazazi na watoto, iliyo katikati ya maghorofa ya Birkelunden, mashariki mwa Odense. Alijifunza kazi hapo na aliishi hapohapo, ngazi ya tatu, kwani kila mlango mkuu wa jengo una ngazi zake zenye namba. Mafunzo ya kwanza, mwaka uliopita katika ofisi nyingine, yalimshinda. Msimamizi wa kule aliandika kwamba mwanafunzi anasimulia matukio lakini hajitazami. Chuo kilimpa nafasi moja zaidi, na barua yake ilisema wazi kwamba hakutakuwa na ya tatu. Basi akajifunza kujitazama. Kila Alhamisi Asta, msimamizi wake mpya, alisoma shajara yake, na kila Alhamisi alimwambia aingie ndani zaidi. Jumapili ile aliingia.

“Mlikuwa wapi alipokwambia?” Asta aliuliza.

“Chumba cha kufulia. Sikuwa kazini. Nilikuwa na shuka zangu.”

“Najua.”

“Kwa hiyo nilikuwa jirani tu.”

“Ungekuwa jirani tu usingeniletea mimi.” Asta alisema hivyo kwa upole. “Mtoto wa miaka mitano yuko peke yake alfajiri, na wewe unajua. Kazi hii ina wajibu wa kutoa taarifa, na mwanafunzi hakuachwa nje.”

“Naweza kuufuta huo mstari.”

“Nimeshausoma.”

“Basi andika wewe. Wewe ndiye mwenye kazi, mimi napita tu.”

“Aliyesikia ndiye anayeandika. Siwezi kukubebea hilo, hata ningetaka.”

Tilde alitazama dirishani. Huko nje mtu alikuwa akipambana na kufuli ya baiskeli kwenye mvua. “Na nikikataa?”

Asta alikaza kifuniko cha themosi. “Nitaandika nilichokisoma, na taarifa itakwenda. Halafu nitalazimika kuandikia chuo kwamba ulikataa. Sikutishi. Nakueleza jinsi njia ilivyo.”

Kwa njia yoyote, basi, taarifa ingekwenda. Kilichobaki kwa Tilde ni kuamua kama itakwenda na jina lake na yeye akibaki mwanafunzi, au itakwenda bila jina lake na yeye akirudi kwenye mashine ya malipo. Na hata hapo Jannie angejua ni nani aliyesema, kwa sababu alimwambia mtu mmoja tu.

“Tutamsomea kwanza,” Asta alisema. Huo ulikuwa utaratibu wa nyumba ile: mzazi husomewa taarifa yote kabla haijatumwa, na chini yake huachwa nafasi ya maneno yake mwenyewe. “Hatuandiki watu kisogoni. Kesho saa nane, watoto wakiwa bado shuleni. Utasoma wewe, mimi nitakaa pembeni.”

Jioni ile Tilde aliandika ukurasa mmoja kwa saa tatu. Mambo yenyewe yalikuwa machache. Kilichomchelewesha ni Jumapili, iliyokuwa ikimrudia kila alipoweka nukta.

Pale Birkelunden kila nyumba ina kufuli yake ndogo yenye namba, na ukitaka saa ya kufua unaitundika kwenye ubao. Ya Tilde na ya Jannie Holmskov huning’inia pamoja Jumapili saa nne tangu miaka minne iliyopita. Jannie alikaa ghorofa ya chini yake, ngazi ileile. Walizoea kusaidiana kukunja shuka na kuwateta watu wa ngazi ya tano wanaoacha manyoya ya mbwa kwenye mashine. Jumapili ile Jannie alipiga miayo mara tatu akacheka, akasema kazi mpya inaanza alfajiri. Tilde akamuuliza, “Na wasichana, asubuhi inakuwaje kwao?”

Halafu akanyamaza. Ndivyo walivyofundishwa katika somo la mazungumzo: uliza swali lililo wazi, kisha ukae kimya, uhesabu hadi saba moyoni, usimwokoe mtu na ukimya wake. Tilde hakupanga kufanya hivyo. Alishtukia tu kwamba alikuwa akihesabu. Alipofika tano Jannie akaanza kusema, na alipomaliza macho yake yalikuwa mekundu, akasema, “Hata sijui kwa nini nakwambia haya.”

Tilde alijua ni kwa nini. Hilo halikuingia kwenye taarifa.

Ijumaa Jannie alifungua mlango akiwa na taulo begani. Alimtazama Tilde, akamtazama Asta, akalitazama faili.

“Mmekuja wawili,” alisema. “Mtu akija peke yake ni kahawa. Wakija wawili ni kikao.”

“Tunaweza kuingia?” Asta aliuliza.

“Vueni viatu. Nimetoka kupiga deki, na hapa kwangu hakuna anayenilipa.”

Waliketi jikoni. Jannie alimimina kahawa vikombe vitatu, akakata kringle iliyobaki, ile keki ya siagi, na kuisukuma katikati ya meza. Hakuna aliyeigusa.

“Jannie, nimeandika taarifa,” Tilde alisema. “Inakwenda manispaa leo. Nimekuja kukusomea kabla haijaenda.”

“Taarifa ya nini?”

“Ya asubuhi. Ya Liva na Ellinor.”

Jannie akamgeukia Asta. “Nani kasema?”

“Ulinieleza mimi,” Tilde alisema.

“Nilimweleza jirani. Tulikuwa tunakunja ile shuka yako yenye mpira, isiyokunjika. Umeshika pembe mbili, mimi mbili. Hebu niambie, bibi mwanafunzi, umeshika zile pembe, ulikuwa nani?”

“Sijui.”

“Hujui. Na huko chuoni hawakuambii?”

“Wanatuambia mengi.”

“Uliniuliza, ukakaa kimya, ukaniangalia,” Jannie alisema. “Miezi mingapi hakuna mtu aliyeniangalia hivyo. Nikasema huyu ana huruma.”

“Nilikuwa nayo.”

“Na nini tena?”

Tilde aliangalia mikono yake. “Na mazoezi.”

Jannie alicheka kwa pua, akachukua kisu cha kringle na kukifuta kwa taulo ingawa kilikuwa safi. “Haya, soma. Ulifanya mazoezi, tuone umejifunza nini.”

Tilde alisoma. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mara mbili Jannie alimwambia aongeze. Alipofika kwenye saa, Jannie alinyoosha kidole.

“Hapo pana kosa. Kazi inaanza saa kumi na moja, lakini natoka hapa saa kumi na dakika arobaini. Nakwenda kwa baiskeli.”

“Hiyo inaongeza muda wa wao kuwa peke yao,” Asta alisema. “Nakutahadharisha tu.”

“Mimi si mwongo. Kama mnaandika, andikeni sawasawa.”

Tilde alirekebisha, akasoma hadi mwisho. Kisha akaeleza kwamba chini pana nafasi ya maneno ya mzazi, yanaandikwa kama anavyoyasema, hayapunguzwi.

Jannie alilikunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena. Tilde alijilazimisha kuongea ili asihesabu. “Unaweza pia kuiacha tupu.”

“Nina simu mbili,” Jannie alisema. “Hii, na ile ya zamani iliyopasuka kioo. Kabla sijatoka napiga kutoka hii kwenda ile, naipokea, naiweka katikati ya mito yao. Hii naiweka sikioni, chini ya kofia. Napiga deki ghorofa mbili za ofisi huku nawasikia wanavyopumua. Ellinor ana mafua, yeye namjua hata nikiwa kwenye lifti. Siku Liva aliposema ‘mama’ akiwa ndotoni niliacha ndoo katikati ya ukumbi, nilikuwa mlangoni kwangu baada ya dakika tisa. Andika hivyo.”

Tilde aliandika. Alimuuliza kama ni dakika tisa kweli, akajibiwa ni tisa. Asta alivua miwani akaivaa tena.

“Hiyo inabadilisha kitu?” Jannie aliuliza.

“Itasomwa pamoja na mengine,” Asta alisema.

“Sikuuliza kama itasomwa.”

“Haiondoi wajibu wetu. Hapana.”

“Sawa. Nina swali lingine basi, nanyi ni wataalamu. Jumatatu. Nikienda, nimewaacha watoto na sasa imeandikwa. Nisipoenda, nina kipindi cha majaribio, nafutwa, na manispaa hiyohiyo itaniuliza kwa nini nimeacha kazi. Nifanye lipi?”

“Afisa atakupigia leo,” Asta alisema. “Wana saa ishirini na nne kuitathmini. Kuna misaada wanayoweza—”

“Kufikia Jumatatu?”

Asta hakutaka kudanganya, akatikisa kichwa.

“Nitakaa nao mimi,” Tilde alisema.

Alisema kabla hajajua kwamba atasema. Kando yake alisikia kiti cha Asta kikisogea. Mwanafunzi haruhusiwi kulea watoto wa familia anazozihudumia. Sharti hilo lilikuwa ukurasa wa kwanza wa mkataba wa mafunzo, na mkataba huo aliutia sahihi.

“Nakaa ghorofa ya juu,” akaendelea. “Nitashuka saa kumi na nusu, nikae hadi urudi. Si kikazi.”

Jannie alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulilegea kidogo, karibu na ule wa Jumapili. Halafu ukajifunga.

“Wewe?” alisema taratibu. “Ili Ellinor akikojoa kitandani nije nisomewe Ijumaa?”

“Sitaandika.”

“Utaandika. Huna ubaya, Tilde, ndiyo maana utaandika. Utaona kitu, kitakukosesha raha, utakipeleka kwa huyu mama hapa. Sasa tuma hiyo karatasi yako, nina watoto wa kuwachukua.”

Tilde alituma akiwa amesimama, kwenye kompyuta ya Asta, juu ya makombo ya kringle. Ilichukua muda mfupi kuliko kuvaa viatu.

Kwenye ngazi Asta aliteremka vidato viwili kisha akasimama. Yeye alikuwa anashuka, na kwa Tilde kulikuwa juu.

“Leo umetimiza jambo ambalo wengi hawalitimizi hata wakiwa na cheti,” Asta alisema. “Nitakiandikia chuo. Mafunzo yako hayana wasiwasi tena.”

“Na lile nililojitolea?”

“Hilo tutazungumza Alhamisi. Usiliandike kabla.”

Jumamosi alipita mara mbili mbele ya mlango wa Jannie na mara zote mbili ulikuwa kimya. Jioni Asta alimpigia, sauti ikiwa imechoka. Afisa ameongea na mama, alisema. Mama ameahidi kuomba zamu ya mchana, na mwajiri atamjibu Jumanne. Tilde akashukuru, akakata simu, akahesabu siku kwenye vidole kama mtoto. Ahadi ilianza Jumanne. Jumatatu ilibaki wazi.

Chumba chake cha kulala kilipakana na ngazi. Kwa miaka minne alikuwa amezoea kusikia kila mlango ukifunguka, hatua za nani ni zipi, baiskeli ya nani inagonga ukuta ikitolewa. Kama Jumatatu saa kumi na dakika arobaini mlango wa chini ungefunguka, angeusikia. Na akishausikia, atakuwa amejua, na atalazimika kuandika tena.

Jumapili hakwenda kufua. Baada ya chakula cha mchana aliondoa shuka kitandani, akaegemeza godoro ukutani na kulegeza miguu ya kitanda kwa bisibisi. Alivuta mbao mojamoja kupita sebuleni hadi jikoni, upande wa pili wa nyumba, ambako dirisha linatazama maegesho ya magari. Godoro lilikwama mlangoni. Alilisukuma kwa bega, akapumzika, akalisukuma tena, polepole, asije akamgongea Jannie dari.

Kitanda kilijaa jikoni kote hivi kwamba mlango wa jokofu ulifunguka nusu tu. Alijilaza juu yake na nguo zake, bado kukiwa na mwanga, akasikiliza. Kutoka kwenye ngazi hakusikia kitu. Jokofu lilikuwa likinguruma karibu na kichwa chake, naye akanyoosha mkono na kulipandisha kiwango cha baridi, lingurume zaidi.