Nne na Moja

Watu wa Nambila hawasemi tano. Skolastika aliligundua hilo siku yake ya kwanza, aliponunua mihogo ya kuchoma kwa mama mmoja kando ya njia inayotoka Pande. Yule mama alihesabu vipande huku akivitia kwenye gazeti: moja, mbili, tatu, nne, nne na moja, sita. Skolastika alidhani amesikia vibaya, akaomba vingine makusudi, akahesabiwa vile vile. Akafurahi jinsi wasomi wanavyofurahi wakiokota kitu ambacho wenzao hawajakiona, akaandika kwenye daftari chini ya kichwa "Mengineyo". Kilistahili ukurasa wa kwanza, lakini hayo aliyajua baadaye.

Alikuja kutafiti vifo. Usicheke, siku hizi kuna elimu ya kila kitu. Shahada yake ilihusu watu wanaofunga safari, wakaacha fukwe na hoteli, kwenda kutazama mahali wenzao walipouawa. Wanatafuta nini? Wanarudi na nini? Na Nambila palimfaa kuliko kote. Pana ukuta wa matumbawe, mabaki ya boma la Wajerumani, ambapo wakati wa vita vya Maji Maji wanaume wa kijiji walipangwa mstari, wengine wakauawa. Kwa miaka mingi palikuwa mahali pa mbuzi na magugu tu. Kisha mtu mmoja wa Dar akapiga video, ikasambaa kwenye simu, na wageni wanaokwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani wakaanza kupinda njia ili nao wapige picha za huzuni.

"Wenzako wanatafiti korosho," Hussen alimwambia. Hussen alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ambaye wakati wa likizo aligeuka kiongozi wa watalii, mtu wa maneno mengi na shati lililopigwa pasi. "Korosho ina faida. Marehemu ana faida gani?"

"Marehemu ananipa digrii," Skolastika akamjibu, akacheka peke yake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ule ukuta una tundu moja la kuingilia, jembamba, watu hupita mmoja mmoja. Skolastika aliweka kigoda chake ndani, hatua nane kutoka tunduni, kwenye kivuli cha mkorosho, na madodoso yake mapajani. Huwezi kuhoji kila anayeingia, na ukichagua unaowapenda sura, utafiti wako umekufa. Kwa hiyo alichagua kwa hesabu. Wanne wanapita, anayefuata anaitwa. "Wa tano, tafadhali njoo hapa." Akimaliza naye, anaanza moja. Njia hiyo imo katika vitabu vyote vya utafiti. Haina upendeleo wala huruma, na ndiyo maana inasifiwa.

Siku alipolitamka lile neno mara ya kwanza, Bi Mwahija aliangusha ufagio. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu aliyefagia eneo lile kila asubuhi bila kutumwa na mtu. Skolastika alidhani ni mgongo unamsumbua, akampa pole. Bi Mwahija aliokota ufagio wake akaenda nyumbani.

Swali la mwisho kwenye dodoso lilikuwa: ulipoingia hapa, ulihisi nini? Mzee Damiani, mstaafu kutoka Nachingwea, alijibu kwamba aliguswa begani. Naima, muuza vitenge wa Lindi mjini, alijibu kwa kulalamika kidogo. "Si wewe uliyenigusa bega? Umenishtua, dada." Skolastika hakuwa ameinuka kigodani. Wa tatu, Bashiru, mkulima wa Kitomanga, alisema ni mkono, tena wa baridi, na kwamba alijua tu ni wa mwenye kuhesabu. Skolastika akaanza kuwauliza na wale wanne wanaopita bila kuitwa. Hakuna hata mmoja aliyeguswa. Akaandika "mguso wa kudhania" akapiga mstari chini yake, akaridhika. Msomi akishakipa kitu jina huona amekimaliza.

Baada ya wiki mbili ilibidi awapigie simu wale wa mwanzo, awaulize ile ziara imewaachia nini. Alikaa kwenye baraza la Hussen saa nne asubuhi, jua likiwaka, kuku wakiparuaparua miguuni pake. Simu ya Mzee Damiani ilipokelewa na mwanamke. "Mwenyewe tumemzika juzi," akasema, "wewe ni nani mwenzetu?" Skolastika akatoa pole, akajiambia kwamba yule alikuwa mzee na alikuwa na presha. Simu ya Naima ilipokelewa na mumewe, akaeleza kwa sauti iliyochoka kueleza kwamba ni pikipiki, pale Nangurukuru, wiki iliyopita. Simu ya Bashiru ilipokelewa pia, ila hakuna aliyesema halo. Nyuma yake watu wengi walikuwa wakisoma Yasini kwa pamoja. Skolastika alisikiliza hadi mkono ukamfa ganzi, kisha akakata.

Namba ya nne hakuipiga. Aliogopa, na sioni sababu ya kulipamba hilo kwa maneno mengine.

Alimkuta Bi Mwahija uani kwake akipepeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo umekuja kuandika, au umekuja kuuliza?"

"Nimekuja kuuliza. Watu ninaowahoji wanakufa."

Bi Mwahija aliweka ungo chini. "Nani alikufundisha kuhesabu hivyo?"

"Chuo kikuu."

"Basi na yule askari alisoma hukohuko. Waliwapanga wanaume wote pale ukutani, mwanangu, askari akapita akihesabu. Wanne anawaruka, anayefuata anamgusa bega. Ukiguswa unakaa chini, ukikaa huinuki tena. Baba wa bibi yangu ilikuwa zamu yake. Akaona askari anakuja, akapiga hesabu kwa macho, akajipenyeza nyuma ya mtoto wa jirani yake. Yule mtoto akaguswa. Baba wa bibi akaishi, akaoa, akazaa, na sisi ndio watu wake. Hakuna aliyetufukuza hapa kijijini. Walituachia ufagio tu. Mimi ni kizazi cha nne nafagia, na mwanangu akirudi kutoka Lindi atafagia."

"Mbona hamkuniambia, bibi?"

"Ulikuja na barua ya wilaya. Ungetusikiliza sisi?"

Mchana ule Skolastika alimpigia msimamizi wake chuoni, Daktari Erasmo, akamwomba ruhusa ya kubadili hesabu, achukue mtu wa kumi, au wa saba, au yeyote. Sababu hakuitaja, aliona haya. Daktari akamwambia kwamba ukibadili katikati sampuli imeharibika, unaanza upya mwakani. Je, amebakiza madodoso mangapi?

"Matatu, daktari."

"Matatu! Jumamosi unamaliza. Kaza moyo."

"Sawa, daktari."

Hapa simtetei. Watu watatu walikuwa mavani, naye akasema sawa. Alijiambia kwamba presha ni presha na pikipiki ni pikipiki, na kwamba kule kwa Bashiru hakuna aliyemtajia jina la maiti. Mtu aliyesoma akitaka kujidanganya ana vifaa vingi kuliko sisi wengine.

Jumamosi asubuhi akapata wawili, mume na mke kutoka Morogoro, kila mmoja kwa zamu yake. Wote wawili walitaja neno bega. Aliyaweka madodoso yao chini kabisa ya faili ili asiyaone. Lilibaki moja.

Saa sita ikaingia Coaster imejaa akina mama wa jumuiya ya kanisa kutoka Lindi, vitenge vya sare, nyimbo na vikapu vya chakula. Walikuwa njiani kutoka Kilwa Masoko. Skolastika alisikia kicheko anachokijua, kisha sauti ikisema nje ya ukuta, "Msimwambie, mniachie mimi nimshtue." Ilikuwa sauti ya mama yake, Getrude. Alikuwa amewashawishi wenzake wote wapite Nambila waone binti yake anavyofanya kazi ya chuo kikuu.

Wakaanza kupita tunduni. Wa kwanza mama mnene akilalamikia wembamba wa njia. Wa pili na wa tatu, mtu na dada yake. Wa nne Mama Faustino, jirani yao wa ukuta mmoja, aliyempungia Skolastika mkono kwa furaha. Penseli ya Skolastika ilikuwa imeshatia vijistari vinne, nayo ikabaki hewani.

Mama yake akaingia akitabasamu. Hatua mbili ndani alisimama, akapeleka mkono kwenye bega lake la kulia, akageuka kuona nani amemgusa. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Anayefuata alikuwa bado nje, ameinama anafunga ukanda wa kiatu.

"Mama, wewe pita!" Skolastika akasema kwa sauti ambayo si yake. "Pita, kaa kule. Ndugu haruhusiwi kuhojiwa." Akanyoosha penseli kumwelekeza yule wa nje. "Dada, wewe, njoo."

Ilikuwa imekwisha kabla hajavuta pumzi. Angeweza kufunga faili. Angeweza kusema anaumwa kichwa, au kwamba kazi imeisha, na akina mama wangekula wali wao wakaondoka. Hata hilo halikumjia. Lililomjia ni kumtoa mama yake na kumweka mtu mwingine, kwa sababu karatasi ilikuwa na nafasi na nafasi ilitaka mtu.

Aliyeitwa alikuwa Devota, binti wa Mama Faustino, miaka ishirini na sita, ameolewa Pasaka. "Jamani, mimi ndiye nimechaguliwa!" akasema, akakaa mkekani mbele ya Skolastika na kutengeneza kilemba chake kana kwamba atapigwa picha. Akatia sahihi ya kukubali kuhojiwa. Skolastika aliandika jina la Devota bila kuinua macho. Aliwahi kumbeba msichana huyu mgongoni.

Mama yake hakukaa alikoambiwa. Alikwenda kusimama karibu na Bi Mwahija, na Skolastika aliwaona wale wanawake wawili wakisalimiana, mama akisugua bega lake na kuuliza kitu, Bi Mwahija akijibu huku ameinamisha kichwa. Waliongea kwa muda mrefu. Mara moja tu mama aligeuka kumtazama binti yake, na hakukuwa na hasira katika uso ule. Afadhali ingekuwa hasira. Kisha akaja, akamshika Devota mkono.

"Inuka, mwanangu. Hapo ni pangu."

Devota alicheka. "Mama Skola, mnagombania dodoso?"

"Inuka."

Devota akainuka, na kicheko kikamwishia usoni polepole.

"Mama, nimekwambia ndugu haruhusiwi," Skolastika akasema.

"Yule bibi ameniambia yote."

Skolastika alifunga faili kwa kishindo. "Basi. Nimefunga. Sihoji mtu yeyote, sitaki digrii, twende nyumbani."

"Na Devota uliyeshamwandika?"

Skolastika alimtazama Bi Mwahija amwokoe. Bi Mwahija alitikisa kichwa. "Hesabu ilishapita tunduni," akasema. "Aliyeandikwa ndiye atakayechukuliwa, isipokuwa mwenye zamu aandikwe mahali pake."

"Sitaki ufe, mama." Alilisema hadharani, mbele ya Devota, mbele ya Mama Faustino aliyekuwa akisogea kuuliza kuna nini.

"Hata mimi sitaki, Skola. Nina kuku wangu, nina zamu ya kupamba kanisa Jumapili." Mama alishusha sauti. "Lakini mimi na Mama Faustino tumetenganishwa na ukuta wa tope miaka thelathini. Akikohoa namsikia. Nikisikia kilio upande ule, nitaziba masikio na nini? Nitakwenda kukaa matangani kwake nikijua mwanawe amechukua nafasi yangu? Na wewe utazaa. Wanao wafagie wapi?"

Akachukua lile dodoso mapajani mwa binti yake, akalichana katikati, akalichana tena, akavitia vipande kifuani. Akakaa mkekani, akakunja miguu, akavuta kitenge kufunika magoti kama anavyofanya akikaa kusubiri zamu zahanati.

"Chukua jipya. Uliza."

Skolastika alilia wazi. Alimwomba kwa jina la marehemu baba yake, akamwomba kwa Kimakonde na kwa Kiswahili, na mama yake alimsikiliza yote bila kumkatiza, kisha akamnyooshea penseli aliyoiangusha. Devota alikuwa amesimama kando yao, mikono kifuani, hajaelewa bado alikuwa amechaguliwa kwa lipi. Bila jina la mama kwenye karatasi, jina lililoandikwa leo lingebaki la Devota.

Skolastika akatoa dodoso jipya. Akaandika tarehe. Nje akina mama walikuwa wakimwita Getrude aje aonje pilau.

"Jina lako kamili?" akauliza.

Mama yake akalitaja, kisha akalirudia herufi moja moja, polepole, asije mwanawe akalikosea.